Namna ya Kuchagua Boksi Linaloifaa Spika ya Masafa Yote

Spika ya masafa yote, ambayo mafundi wengi huiita ful renji, ni ile ambayo koni moja hubeba kazi nzima, kuanzia besi hadi mlio mwembamba wa matoazi, bila twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) pembeni wala krosova (saketi inayogawa sauti kati ya spika) kati yake na amplifaya. Uzuri wake unajulikana na yeyote aliyewahi kuisikiliza ikiwa imefungwa ipasavyo: sauti ya mwimbaji hutoka mahali pamoja, na gitaa halihami kutoka koni moja kwenda nyingine kadiri noti zinavyopanda. Udhaifu wake nao uko wazi. Koni ya inchi 4 haisukumi hewa nyingi, kwa hiyo besi yake hutegemea boksi kwa kiwango kikubwa sana, na kosa dogo la ujazo ambalo wufa ya inchi 12 ingelivumilia husikika mara moja.

Watu wengi hupotea mwanzoni kabisa, kwa sababu huanza na umbo la boksi lililowavutia pichani, kisha hutafuta spika ya kulijaza. Utaratibu unaofaa ni wa kinyume. Spika ndiyo hutangulia, hufuatwa na tarakimu zake, kisha chumba na amplifaya vitakavyotumika, na boksi huwa jibu la hayo yote.

Tarakimu za kuanzia

Raia wa Australia Neville Thiele, katika andiko lake la mwaka 1961, na Richard Small aliyeendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba mwenendo wa spika ndani ya boksi unaweza kukokotolewa kwa tarakimu chache zinazopimika mezani. Mpaka leo karatasi ya maelezo ya spika yoyote nzuri huziorodhesha, na kwa kazi yetu tatu ndizo zinazotangulia.

Ya kwanza ni Fs, yaani masafa ambayo koni hutetemeka kwa wepesi kuliko mengine yote spika ikiwa nje ya boksi. Ya pili ni Vas, yaani ujazo wa hewa, kwa lita, ambao ulegevu wake ni sawa na ulegevu wa mpira wa ukingoni na spaida (kitambaa cha mikunjo kilicho nyuma ya koni) vinavyoishikilia koni. Ya tatu, na ndiyo yenye uamuzi mkubwa, ni Qts. Hii hupima jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kucheza baada ya mdundo kwisha, kazi ile ile ambayo shokapu huifanya kwenye gari. Sumaku kubwa na koni nyepesi huipa spika breki kali, na Qts huwa ndogo; sumaku dhaifu huacha koni ikiyumba, na Qts hupanda.

Spika yenye Qts chini ya 0.3 ina breki kali kiasi kwamba besi yake, ikifungwa kwenye boksi la kawaida, huanza kupungua mapema na kusikika kavu. Inahitaji boksi linaloongeza besi kwa nguvu, na hapo ndipo honi ya nyuma, yaani njia inayotanuka ndani ya boksi na kukuza sauti ya nyuma ya koni, inapoingia. Kati ya 0.3 na 0.45 boksi lenye bomba la hewa, au mnara wenye bomba, ndiyo makao yake ya asili. Kuanzia 0.45 hadi 0.7 boksi lililozibwa hufanya kazi safi, na bomba refu lililojazwa pamba nalo hufaa. Ikizidi 0.7, boksi dogo la aina yoyote litaifanya ivume, kwa hiyo ni bora ifungwe kwenye ubao ulio wazi nyuma. Mipaka hii si ukuta, na spika ya 0.46 haiharibiki ikiwekewa bomba, lakini anayeivuka kwa mbali ajue kwamba atalipia kwa besi inayovuma au inayokosekana kabisa.

Kuna jambo moja ambalo karatasi ya maelezo haisemi. Qts iliyochapishwa huchukulia kwamba amplifaya haina ukinzani wowote kwenye njia yake ya kutolea sauti. Amplifaya za kisasa za transista hukaribia hali hiyo, lakini amplifaya ya valvu isiyo na mrejesho inaweza kuwa na ohm 2 au 3, na ukinzani huo, pamoja na ule wa waya mwembamba na wa koili yoyote iliyo njiani, hulegeza breki ya sumaku. Tuseme spika ina Qes, yaani sehemu ya Q inayotokana na sumaku peke yake, ya 0.3, na koili yake ya sauti, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ina ohm 6.5. Ikiongezwa ohm 3 kutoka kwenye amplifaya, Qes inakuwa 0.3 mara 9.5 gawanya kwa 6.5, yaani karibu 0.44. Spika iliyokuwa ya honi imekuwa ya boksi lenye bomba, wala hakuna aliyeigusa.

Kupima spika isiyo na karatasi

Spika nyingi zinazopatikana katika maduka ya vipuri, au zilizotolewa kwenye redio na televisheni za zamani, hazina maelezo yoyote. Hiyo si sababu ya kubahatisha. Kinachohitajika ni mita yenye kipimo cha volti ndogo za AC, rizista ya ohm 1,000, rizista ya ohm 10, na simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa unayoyachagua.

Unganisha rizista ya ohm 1,000 kwa mfululizo kati ya amplifaya na kitu kinachopimwa. Anza kwa kuweka rizista ya ohm 10 mahali pa spika, kisha pandisha sauti hadi mita isome volti 0.1 juu ya rizista hiyo. Kuanzia hapo usiguse tena kitufe cha sauti: kila volti 0.01 inayosomwa ni sawa na ohm 1. Sasa weka spika mahali pa rizista ndogo, ikiwa imeshikwa imara na mbali na meza, na upitishe masafa taratibu kuanzia 20 Hz (mitetemo 20 kwa sekunde). Mita itapanda, itafika kilele, kisha itashuka. Masafa ya kilele ndiyo Fs.

Mfano utasaidia. Koili ya sauti, ikipimwa kwa mita ya kawaida ya ohm, imeonyesha 6.4. Kilele kimefika ohm 40 kwenye 80 Hz. Gawanya 40 kwa 6.4 upate 6.25, na kipeuo chake cha pili ni 2.5. Zidisha 2.5 kwa 6.4 upate 16, kisha tafuta masafa mawili, moja chini ya kilele na jingine juu yake, ambapo mita inasoma ohm 16. Tuseme ni 66 Hz na 97 Hz. Tofauti yake ni 31. Q ya kimakanika ni 80 mara 2.5 gawanya kwa 31, yaani 6.45, na Qts ni 6.45 gawanya kwa 6.25, yaani 1.03. Kwa tarakimu hiyo moja umeshajua kwamba spika hii isifungwe kwenye boksi dogo. Uhakiki ni rahisi: masafa mawili ya pembeni yakizidishwa na kutolewa kipeuo cha pili lazima yarudi karibu na Fs, na hapa 66 mara 97 inatoa kipeuo cha 80.

Vas hupatikana kwa kuifunga spika kwenye boksi la majaribio lililozibwa, lenye ujazo unaojulikana, na kutafuta kilele kipya. Gawanya masafa mapya kwa Fs, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha zidisha kwa lita za boksi. Makadirio hayo yanatosha kwa useremala.

Ubao wazi

Spika ya mfano huo ni ndugu wa zile zilizokuwa ndani ya redio za mbao za miaka ya 1950, ambazo kifuniko chao cha nyuma kilikuwa kadibodi yenye matundu. Watengenezaji walijua walichokifanya: hewa iliyofungiwa ingeongeza ukali wa chemchemi ya koni, na sauti ingevuma.

Kasoro ya ubao wazi ni kwamba wimbi la nyuma huzunguka ukingo na kufuta wimbi la mbele. Kwa ubao wa upana wa sentimita 60 wenye spika katikati, ufutaji huanza kuonekana chini ya takribani 200 Hz, na besi hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Spika yenye Qts kubwa hupandisha sauti yake karibu na Fs na hivyo kufidia sehemu ya upungufu huo, ndiyo maana Qts ya 0.3 kwenye ubao wazi hutoa sauti isiyo na mwili. Weka spika nje kidogo ya katikati ili umbali hadi kila ukingo utofautiane, na uache walau mita 1 kati ya ubao na ukuta wa nyuma. Asiye na nafasi hiyo aache aina hii, hata kama tarakimu zinaikubali.

Boksi lililozibwa

Edgar Villchur wa Marekani aliionyesha dunia mwaka 1954, kwa spika ya AR-1, kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi inaweza kuwa chemchemi iliyo bora kuliko spaida yenyewe. Boksi la namna hii ndilo rahisi kukokotoa na ndilo linalosamehe makosa ya seremala. Lengo la kawaida ni Q ya jumla, yaani ya spika ikiwa ndani ya boksi, ya 0.7 hivi. Gawanya 0.707 kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawanya Vas kwa ulichopata: hizo ndizo lita za boksi.

Chukua spika ya inchi 4 yenye Fs ya 70 Hz, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 10. 0.707 gawanya kwa 0.5 ni 1.414, ikizidishwa kwa yenyewe ni 2, ikitolewa 1 inabaki 1, kwa hiyo boksi ni lita 10. Masafa ya mtetemo sasa yamepanda hadi 70 mara 1.414, yaani 99 Hz, na chini ya hapo sauti hushuka kwa desibeli 12 kwa kila oktava. Jibu hili lisomwe kwa makini. Linasema kwamba boksi lililozibwa halitakupa besi ya noti za chini za gitaa la besi, ambazo huanzia 41 Hz. Linafaa sana kwa anayekusudia kuongeza subwufa, au kwa spika ya mezani iliyo karibu na ukuta, na kwangu mimi hiyo ni njia safi kuliko kuilazimisha koni ndogo ifanye kazi isiyo yake.

Boksi lenye bomba, na mnara

Asiye na mpango wa subwufa atafika hapa, na spika nyingi za masafa yote zinazouzwa leo zimeundwa kwa ajili ya hapa. Wazo la kutumia hewa iliyo ndani ya bomba kama mtetemo wa pili lililetwa na Albert Thuras wa Bell Labs, aliyepewa hataza yake mwaka 1932. Karibu na masafa ambayo boksi limepangiwa, bomba ndilo linalopiga na koni karibu inatulia, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa spika yenye mwendo wa milimita 3 au 4 tu. Chini ya masafa hayo, hata hivyo, koni hubaki bila chemchemi ya hewa, hupepea, na sauti hushuka kwa desibeli 24 kwa kila oktava. Anayepiga muziki wenye besi nzito za kielektroniki kwa sauti kubwa ajue kwamba hapo ndipo koni ndogo huharibikia.

Urefu wa bomba haukisiwi. Kwa boksi la lita 12, bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, na lengo la 60 Hz, hesabu inatoa urefu wa sentimita 10, baada ya kupunguza sentimita 3.6 hivi kwa ajili ya hewa inayotembea pamoja na bomba nje ya ncha zake mbili. Pima kipenyo cha ndani mwenyewe, kwa sababu jina la bomba dukani na upana wake wa ndani havilingani. Kwa tarakimu zako, tumia programu ya WinISD, ambayo ni ya bure.

Ndugu yake mrefu ni mnara: boksi jembamba la kimo cha mita 1 hivi, lililozibwa juu, lenye bomba karibu na sakafu. Hapa urefu wa boksi lenyewe unapiga kama filimbi, na bomba hushusha masafa hayo zaidi. Bomba lililonyooka bila kizuizi lingehitaji robo ya urefu wa wimbi, yaani mita 1.7 kwa 50 Hz, kwa hiyo kuongeza bomba dogo la chini kunaokoa mbao na nafasi. Spika ikiwekwa kwenye theluthi ya urefu kutoka juu, huwa mahali ambapo mtetemo wa pili wa safu ile ya hewa hauna shinikizo, na hivyo haiuamshi. Pamba ya mito, isiyogandamizwa, iwekwe nusu ya juu peke yake. Ikishuka hadi kwenye bomba inaua besi uliyoifuata. Kwa spika ya inchi 4 au 5 yenye Qts ya karibu 0.4, nikiulizwa nitaje boksi moja bila kujua mengine, nitataja mnara huu. Kimo chake huinua koni kuelekea usawa wa masikio ya aliyekaa, na hakuna haja ya stendi.

Honi ya nyuma

Paul Voigt, aliyefanya kazi Uingereza katika miaka ya 1930, na kampuni ya Lowther iliyorithi kazi yake, ndio waliozipa honi sifa zake miongoni mwa wapenzi wa koni moja. Njia iliyokunjwa ndani ya boksi, inayotanuka taratibu kwa mita 2 au 3, huchukua wimbi la nyuma na kulikuza. Kwa spika yenye Qts ya 0.2, yenye sumaku kubwa na koni ya karatasi nyepesi, na kwa amplifaya ya valvu ya wati chache, matokeo yanaweza kuwa na uhai ambao boksi jingine halifikii. Lakini kazi ni kubwa, mbao ni nyingi, mdomo wa honi unahitaji kona au ukuta kuumalizia, na besi inayopita mita 3 inachelewa kidogo kuifikia sikio kuliko sauti ya mbele. Kuifunga humo spika ya Qts 0.5 ni kuiongezea besi ambayo tayari inayo, na matokeo ni mvumo mzito usiokatika. Anayeamua kwenda njia hii atumie Hornresp, programu ya bure ya David McBean, kabla ya kununua ubao hata mmoja, na asibadilishe vipimo vya ramani iliyochorwa kwa spika nyingine.

Chumba na ubao wa mbele

Mawimbi marefu huzunguka boksi na kusambaa pande zote, ilhali yaliyo mafupi kuliko upana wa boksi huelekezwa mbele. Ukigawanya 115 kwa upana wa ubao wa mbele kwa mita, unapata takribani masafa ambapo mabadiliko hayo yapo katikati: kwa sentimita 20 ni 575 Hz. Mahali penye uwazi tofauti hufikia desibeli 6, na spika husikika nyembamba na yenye kelele katika sauti za kati. Dawa yake ni koili na rizista vilivyounganishwa sambamba, kisha kwa mfululizo na spika. Kwa spika ya ohm 8 na ubao wa sentimita 20, milihenri 0.8 na ohm 4 hutoa marekebisho ya desibeli 3.5 hivi. Sijapendekeza desibeli 6 kamili kwa makusudi, kwa maana ukuta ulio nyuma ya spika hurudisha sehemu ya besi iliyopotea, na katika chumba cha kuta za matofali, ambazo hazinyonyi besi, urejeshaji huo ni mkubwa. Boksi likiwa karibu kabisa na ukuta, ondoa saketi hiyo na usikilize kwanza.

Chumba chenye sakafu ya vigae kitadai zulia na mapazia mazito kabla hujalaumu spika kwa ukali.

Kazi ya seremala

Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo ninayoipendelea kuliko MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), hasa mahali penye unyevunyevu kama pwani, ambako MDF isiyozibwa kingo huvimba. Anayetumia MDF apake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kwenye kila ukingo uliokatwa kabla ya rangi. Lita za boksi hupimwa ndani, na ujazo unaochukuliwa na sumaku, bomba na vipande vya kuimarisha huongezwa juu yake.

Kosa linaloharibu maboksi mengi ya spika ndogo haliko kwenye hesabu. Tundu la sentimita 9 lililokatwa kwenye ubao wa milimita 18 huwa kama bomba fupi, na fremu ya spika ikishaingia, nafasi ya hewa kutoka nyuma ya koni hubaki mianya michache tu. Geuza ubao na uchonge ukingo wa tundu kwa ndani, kwa pembe ya nyuzi 45, ukiacha mbao za kutosha mahali pa skrubu. Sauti za kati hufunguka mara moja.

Usikate bomba kwa urefu wa mwisho kabla ya kupima. Likate refu kwa sentimita 2 zaidi ya hesabu, funga spika, kisha rudia kipimo kile cha rizista. Safari hii mita itaonyesha vilele viwili badala ya kimoja, na bonde lililo kati yake ndiyo masafa halisi ya boksi lako. Bonde likiwa chini ya lengo, punguza bomba kwa nusu sentimita na upime tena. Vilele vikiwa vifupi na bonde halionekani vizuri, tafuta mwanya unaovujisha hewa, kwanza kwenye ukingo wa spika, kisha kwenye tundu la waya.